Mekanika: Kozi ya kwanza ya fizikia chuoni na imani zinazowakwamisha wanafunzi

MWANAFUNZI anayejiunga na chuo kikuu kusomea fizikia, uhandisi au ualimu wa sayansi hukutana, katika muhula wake wa kwanza, na kozi iitwayo mekanika.

Jina hilo lisimfanye mtu adhani kwamba ni kozi ya mafundi wa gereji. Mekanika ni tawi la fizikia linalochunguza mwendo wa vitu, pamoja na sababu zinazoufanya mwendo huo uanze, ubadilike au ukome.

Kozi zitakazofuata, ziwe za umeme, joto, mawimbi ama usanifu wa madaraja, hutumia dhana na kanuni zilizofundishwa humo. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayetoka katika mekanika bila kuielewa huubeba upungufu huo hadi mwaka wa mwisho, hata kama cheti chake kinaonyesha kwamba alifaulu.

Wengi huingia darasani wakiamini kwamba ugumu wa kozi hii uko katika hesabu. Ni kweli kwamba hesabu zipo, na mwanafunzi asiyeimudu aljebra, trigonometria na kalkulasi atapata taabu.

Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa kwa miongo kadhaa katika vyuo mbalimbali duniani umeonyesha kwamba kikwazo kikubwa zaidi kiko kwingine. Ni zile imani ambazo mwanafunzi amekuja nazo kutoka nyumbani kuhusu namna vitu vinavyokwenda.

Yaliyomo katika kozi

Kwa kawaida, kozi huanza na vipimo na vekta, yaani idadi zenye ukubwa na mwelekeo. Kisha hufuata maelezo ya mwendo wenyewe: umbali, kasi, kasi yenye mwelekeo, na mchapuko, ambao ni kiwango cha kubadilika kwa kasi hiyo katika kila sekunde.

Baada ya hapo huja sheria tatu za mwendo za Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza aliyezichapisha mwaka 1687 katika kitabu chake maarufu kiitwacho Principia.

Sheria ya kwanza inaeleza kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda katika mstari ulionyooka kwa kasi ileile, hadi kani kutoka nje itakapokibadilisha. Ya pili inaeleza kwamba kani ikiwa kubwa mchapuko nao huwa mkubwa, na kitu kikiwa na tungamo kubwa mchapuko hupungua. Ya tatu inasema kwamba kitu kimoja kinapokisukuma kingine, nacho husukumwa kwa kani iliyo sawa, kuelekea upande wa pili.

Sehemu inayobaki hushughulikia kazi na nishati, migongano ya vitu, mwendo wa mzunguko, uvutano wa sayari, na mwendo wa kwenda na kurudi kama ule wa bembea. Zote hizo zimejengwa juu ya sheria hizo tatu.

Maswali matatu yanayowanasa wengi

Ugumu unaozungumzwa hapa huonekana wazi katika maswali yasiyohitaji hesabu hata moja.

Swali la kwanza: Mtoto anarusha mpira juu, wima. Mpira ukiwa bado unapanda, baada ya kutoka mkononi, ni kani zipi zinazoushika? Wanafunzi wengi hujibu kwamba iko nguvu ya mkono inayoupandisha, ambayo huisha taratibu hadi mpira unapogeuka.

Jibu hilo si sahihi. Ukiachwa kando msukumo mdogo wa hewa, kani iliyopo ni moja tu, nayo ni uvutano wa dunia unaouvuta mpira chini. Mkono ulikwisha kuuachia. Mpira unapanda kwa sababu tayari ulikuwa na kasi, na kasi hiyo inapunguzwa kwa takribani mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita.

Swali la pili: Lori lenye tungamo la kilo 10,000 linagongana uso kwa uso na bajaj yenye kilo 500. Ni lipi linalomsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Karibu kila mtu atasema lori, kwa kuwa bajaj ndiyo itakayoonekana imebondeka.

Sheria ya tatu inasema kwamba kani hizo mbili ni sawa kabisa. Tofauti ni kwamba kani ileile, ikiishika bajaj yenye tungamo dogo mara 20, huipa mchapuko mkubwa mara 20. Abiria wa bajaj ndio wanaodhurika kwa sababu kasi yao hubadilishwa ghafla kuliko ya dereva wa lori.

Swali la tatu: Daladala inafunga breki ghafla na abiria waliosimama wanarushwa mbele. Ni nani aliyewasukuma? Jibu ni kwamba hakuna. Gari limepunguza mwendo, lakini miili ya abiria imeendelea na mwendo iliokuwa nao, kama sheria ya kwanza isemavyo.

Makosa yenye historia ndefu

Mwanafunzi anayekosea maswali hayo hana sababu ya kuona haya. Mengi ya majibu yake yanafanana na yale ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, ambaye mafundisho yake yalitawala elimu ya mwendo kwa karne nyingi.

Aristotle alifundisha kwamba kitu kisichosukumwa husimama, na kwamba kizito huanguka kwa haraka kuliko chepesi. Mafundisho hayo yanaafikiana na yale tunayoyaona kila siku: mkokoteni usiposukumwa husimama, na jani huanguka polepole kuliko jiwe.

Galileo Galilei wa Italia ndiye aliyeyavunja mawazo hayo kwa kishindo, katika kitabu chake cha mwaka 1638 kilichochapishwa mjini Leiden, Uholanzi. Aliviringisha mipira juu ya mbao zilizoinamishwa na kupima muda wake, akaonyesha kwamba umbali unaokwendwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha muda.

Aidha, Galileo alitoa hoja isiyohitaji vifaa vyovyote. Ikiwa jiwe zito huanguka haraka kuliko jepesi, je, mawe hayo yakifungwa pamoja itakuwaje? Lile jepesi linapaswa kulichelewesha zito. Lakini mawe yote mawili kwa pamoja ni mazito kuliko moja, hivyo yanapaswa kuwahi zaidi. Majibu hayo mawili yanapingana, na njia pekee ya kutoka ni kukubali kwamba yote huanguka sawia.

Hoja hiyo ilionyeshwa hadharani Agosti 2, 1971, pale mwanaanga wa Marekani David Scott, akiwa mwezini katika safari ya Apollo 15, alipoangusha nyundo na unyoya wa ndege kwa wakati mmoja. Mahali hapo pasipo na hewa, vyote viwili vilitua pamoja.

Hapa duniani, nazi na kidaka vikidondoka kwa pamoja kutoka kwenye mnazi wenye urefu wa mita 20 vitafika chini karibu sawia, baada ya sekunde mbili hivi. Kasi yake wakati huo itakuwa takribani kilometa 70 kwa saa, jambo linalotosha kueleza kwa nini si busara kupumzika chini ya mnazi.

Neno 'nguvu' na mtego wake

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki lipo jambo jingine. Huenda alijifunza fizikia kwa Kiingereza tangu sekondari, lakini mara nyingi hufikiri na kujadiliana na wenzake kwa Kiswahili, lugha ambayo katika mazungumzo ya kawaida hutumia neno 'nguvu' kwa mambo mengi.

Mtu husema ana nguvu, gari lina nguvu, betri imeisha nguvu, na mlango umefungwa kwa nguvu. Katika mekanika mambo hayo hutenganishwa. Kani ni msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Kiwango cha kazi inayofanyika kwa kila sekunde ni jambo la tatu, lenye kipimo chake cha wati.

Kani si kitu kinachobebwa ndani ya mpira uliorushwa. Anayesema mpira 'bado una nguvu' anakaribia kusema jambo la kweli kuhusu nishati au mwendo wake, ila anapotoka akidhani amesema jambo kuhusu kani.

Neno 'uzito' nalo lina matatizo kama hayo. Sokoni, uzito ni kilo. Kwa mwanafizikia, kilo ni kipimo cha tungamo, ambalo halibadiliki mtu aendapo, wakati uzito ni kani ya uvutano inayopimwa kwa nyutoni. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 ana uzito wa takribani nyutoni 588 duniani, lakini mwezini uzito wake ungekuwa nyutoni 97 tu, ilhali tungamo lake lingebaki kilo 60 zilezile.

Ni vema kutambua kwamba tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Lugha za mitaani kote duniani huchanganya dhana hizo. Kiswahili kina istilahi za kuzitenganisha, na anayezitumia katika majadiliano hujipunguzia mkanganyiko.

Harvard nako walikwama

Ushahidi kwamba tatizo hili haliwahusu wanafunzi dhaifu peke yao ulipatikana nchini Marekani.

Mwaka 1992, David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na wenzake wawili, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer, walichapisha mtihani mfupi wa maswali 29 ya kuchagua kuhusu dhana ya kani. Maswali yake yalifanana na hayo ya mpira na lori, na majibu yasiyo sahihi yalitungwa kutokana na imani za kawaida za watu.

Eric Mazur, profesa wa fizikia aliyeanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1984, alikuwa amesoma kazi za awali za Hestenes, akaamua kuwapima wanafunzi wake kwa maswali ya aina hiyo. Alitarajia wangeyaona mepesi mno, kwani walikuwa wakikokotoa mambo magumu na kumsifu kuwa ni mwalimu bora.

Mwanafunzi mmoja alimuuliza kama ajibu kwa namna walivyofundishwa, ama kwa namna yeye mwenyewe anavyofikiri kuhusu mambo hayo. Matokeo yalimshtua Mazur: wengi walikuwa wamekariri njia za kukokotoa, huku imani zao za zamani zikiwa hazijaguswa.

Kuanzia mwaka 1991 alibadili ufundishaji wake. Badala ya kuhutubia saa nzima, aliuliza swali, kila mwanafunzi akachagua jibu, kisha akajadiliana na jirani yake kabla ya kuchagua tena. Mbinu hiyo aliieleza katika kitabu cha mwaka 1997, nayo ikaenea katika vyuo vingi.

Mwaka 1998, Richard Hake wa Chuo Kikuu cha Indiana alichapisha ulinganisho wa kozi 62 zenye wanafunzi 6,542. Kozi za mihadhara ya kawaida ziliziba wastani wa asilimia 23 ya pengo lililokuwapo kati ya alama za mwanzo na alama zote. Kozi zilizowashirikisha wanafunzi kwa majadiliano ziliziba asilimia 48.

Namna ya kuikabili

Matokeo hayo yana funzo la moja kwa moja kwa mwanafunzi, hata yule ambaye mhadhiri wake ana darasa la mamia na muda wa kuhutubia tu.

Kwanza, kabla ya kutafuta fomula, achore kitu kinachohusika na kuonyesha kila kani inayokishika. Kwa kila kani ajiulize ni kitu gani kinachoitoa. Kani isiyo na mtoaji ifutwe.

Pili, atabiri jibu kwa maneno kabla ya kukokotoa. Utabiri ukitofautiana na hesabu, asiupuuze, bali atafute ni upi uliopotoka.

Tatu, asome katika kikundi na amweleze mwenzake hoja yake kwa lugha anayoimudu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na katika kozi hii swali linaloonekana la kitoto ndilo mara nyingi linalofichua kosa.

Kwa upande wa vitabu, kile cha Halliday na Resnick, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1960, kimetumika kwa vizazi kadhaa. Asiyeweza kumudu bei anaweza kusoma bila malipo kitabu cha University Physics kilichotolewa na OpenStax mwaka 2016, ambacho juzuu yake ya kwanza inahusu mekanika pamoja na mawimbi.

Faida ya kuelewa haiishii kwenye mtihani. Basi linalopunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, likiwa katika mwendo wa kilometa 40 kwa saa, huhitaji takribani mita 12 kusimama tangu breki ziliposhika. Likiwa katika kilometa 80 kwa saa huhitaji takribani mita 49, yaani mara nne, wala si mara mbili kama wengi wanavyodhani.

Mhandisi atakayechora barabara, mwalimu atakayefundisha sekondari na dereva atakayekuwa usukani wote wanaihitaji hesabu hiyo. Mwanafunzi aliyekariri fomula ataipata siku ya mtihani, ila aliyeielewa ndiye atakayeikumbuka akiwa barabarani.