Nani Aliyachafua Maji ya Ujiji?

Ukitaja Ujiji mbele ya msomi, atakujibu Livingstone. Mwaka 1871 Stanley akamkuta mzee chini ya mwembe, wakasalimiana, basi, historia imekwisha. Sisi tuliokulia Kasingirima tumeichoka hadithi hiyo. Wageni wanashushwa penye mnara, wanapiga picha, wanaondoka bila kuuliza wenyeji wanachota wapi maji ya kunywa. Mimi nataka tuzungumze habari ya maji hayo, maana nayo yana historia, tena historia yenye wakubwa na wadogo.

Tuanze na reli. Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858, Ujiji ndiyo iliyokuwa mji. Kigoma ilikuwa kijiji tu. Pembe za ndovu, watumwa, chumvi ya Uvinza, mawese, vyote vilipita soko la Ujiji. Lakini ufuko wetu ni wa mchanga na maji yake ni mafupi: mtumbwi unaingia, meli haiingii. Mjerumani alipoileta reli kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200, akaipeleka kwenye ghuba ya Kigoma, yenye kina na iliyokingwa na upepo. Ikafika mwaka 1914. Mwaka uliofuata meli Graf von Götzen, ndiyo hii Liemba, ikashushwa majini kulekule. Basi mwendo ambao mtu anautembea kwa miguu asubuhi ukageuka ukuta. Kule bandari, karakana, matangi ya mafuta, ofisi, na nyumba za wakubwa mlimani wapate hewa. Huku tukabakiwa na miembe na sifa.

Hapo utaniambia: si afadhali? Bandari imekwenda Kigoma, na uchafu wake umekwenda nao. Isingekuwa ziwa, ningekubali.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na maji mengi huondoka kwa jua kuliko kwa mto huo. Wataalamu wanakadiria kwamba maji yanayoingia hukaa humo kwa wastani wa miaka 440. Hebu fikiri: maji yaliyoingia siku Burton anafika, mengi bado yamo. Na jua likinyonya maji, halinyonyi risasi wala rangi ya kiwandani. Hizo zinabaki na sisi.

Sasa vuka nami mpaka Bujumbura, kaskazini mwa ziwa hilihili, maana mkasa mkubwa zaidi uko kule, na kule ni kwetu pia. Ni vigumu kupata ukoo wa zamani hapa Ujiji usiokuwa na mtu Buyenzi. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, barabara zake zimenyooka na zinaitwa kwa namba, adhana inasikika kila kona, na Kiswahili chake kikikufikia masikioni unadhani uko Ujiji. Mbelgiji ndiye aliyewapanga pale. Mwenyewe akakaa Rohero, na juu zaidi Kiriri, mlimani, anatazama ziwa kama picha ya ukutani. Viwanda vilipokuja, bia, nguo, sabuni, rangi, pamoja na machinjio, havikupelekwa Kiriri. Vilipewa tambarare ya chini, jirani na mitaa ya Waafrika, na majitaka yake yakapewa mito na mifereji inayoishia ziwani. Mradi wa Bioanuwai wa Ziwa Tanganyika, ulioendeshwa kati ya 1995 na 2000 na nchi nne za ziwa hili, uliuhesabu uchafu wa viwanda na miji kuwa moja ya hatari kubwa, na Bujumbura ikawa mbele katika kutajwa. Mji una kituo cha kusafishia majitaka kule Buterere, lakini si nyumba zote wala viwanda vyote vilivyounganishwa nacho. Buterere hiyohiyo ndiyo yenye jalala la mji. Unaona mambo yanavyorundikwa mahali pamoja?

Kinachoniudhi ni sababu iliyotolewa. Dar es Salaam Mjerumani alitunga kanuni za ujenzi tangu 1891, na kufikia 1914 mji ukawa na kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mwingereza akaziendeleza. Sababu iliyotajwa sana ilikuwa afya: Mwafrika ana malaria, akae mbali. Ukoloni ukashika mtindo huo sehemu nyingi. Basi mtu akatengwa kwa madai kwamba ni mchafu, kisha uchafu wa kweli ukaletwa mlangoni kwake kwa sababu pale ndipo pa watu waliotengwa. Bendera zimebadilika, mabomba hayajabadilika sana.

Na lawama nazo hazijabadilika. Hapa mwaloni kwetu, mama akiosha sufuria au akifua kanga za watoto, hakosi bwana mmoja mwenye daftari wa kumfokea kwamba anaharibu ziwa. Sisemi povu la sabuni ni manukato. Lakini yule mama yuko pale kwa kuwa bomba la mtaani limekauka, na bomba halikukauka leo. Juni 2003 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa, na ndani yake mna kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Kanuni nzuri. Ila mwenye sufuria ana sura, anakamatika palepale. Mfereji wa kiwanda hauna sura, na aliyechora ramani kafa zamani.

Bibi yangu hajui habari za mkataba. Anachota alfajiri, kabla mashua za dagaa hazijarudi, kwa kuwa saa hiyo maji yametulia. Kisha anachemsha. Mkaa wa kuchemshia anaununua mwenyewe, kwa fungu, siku kwa siku, na fungu linapunguzwa kila mwezi huku bei ikiwa ileile. Moto ule unaua kipindupindu. Risasi hauiui.