Wakala wa Nani? Habari ya Pangani

Katika Marekani ilitolewa sheria mwaka 1938, ya kwamba mtu afanyaye kazi ya siasa kwa niaba ya dola ya kigeni sharti aandikishe jina lake na kumtaja bwana wake. Kwetu nako, tangu mwaka 2019, atakaye kukifundisha chama cha siasa, awe wa ndani au mgeni, hana budi kumwarifu Msajili siku 30 kabla. Wengi huona hapo hila ya kufunga watu midomo, nami sikatai kwamba zaweza kutumiwa hivyo. Lakini swali lenyewe ni la zamani.

Tarehe 28 Aprili 1888 Seyyid Khalifa aliipa Kampani ya Wadachi utawala wa pwani, toka Umba hata Ruvuma, kwa miaka 50. Hati ilisema watatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Mwezi wa Agosti Bwana von Zelewski akatweka Pangani bendera ya Kampani, na liwali akakataa kumtii. Basi wenyeji wakaulizana: huyu ni mtumishi wa Seyyid, au wa Kampani, au wa Kaisari? Maana hati ilisema hivi, bendera vile, na manowari iliyoshusha askari ilisema neno la tatu. Septemba wakawafungia Wadachi nyumbani, hata jemadari wa Sultani, Lloyd Mathews, akaja kuwatoa.

Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye aliuawa na Wahehe huko Lugalo, Agosti 1891, akiliongoza jeshi la Kaisari.