Barafu Iko Mombasa Road

Ukipanda matatu ya Machakos kwenda Nairobi, ukishapita Athi River, Mlolongo na ile njia ya kuingia airport, utaiona hoteli ya Panari. Humo ndani kulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka wa 2005, wa kwanza Afrika Mashariki. Nje jua la Mombasa Road linachoma, ndani watu wamevaa glavu. Wengi wetu tumepita hapo mara mia bila kuingia. Barafu kwetu ilikuwa ya kuweka kwenye juisi.

Nimeukumbuka uwanja huo juzi nikitazama mbio za kuteleza kwenye barafu, zile za mzunguko mfupi. Wacha nikueleze. Mzunguko mmoja ni mita 111.12 tu, ndani ya uwanja wa mita 60 kwa 30. Hawa wanaanza pamoja, wanasukumana kama watu wa stejini saa kumi na mbili jioni, na kwenye kona wanalala hadi vidole vinagusa barafu. Kule Calgary 1988 mchezo huu ulikuwa wa maonyesho tu. Medali zilianza kutolewa Albertville, 1992, na tangu hapo Korea Kusini imezizoa kuliko nchi nyingine yoyote.

Lakini medali ninayoipenda ni ya Steven Bradbury, Salt Lake City, 2002, mita 1,000. Alikuwa wa mwisho, mbali kabisa. Kona ya mwisho wote wanne walio mbele wakaanguka, yeye akapita wima. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya baridi kwa nchi yoyote ya kusini mwa dunia. Watu walimcheka, ati bahati. Sawa, lakini fainali aliingiaje?

Mkenya hajawahi kushindana mbio hizi kwenye Olimpiki. Wa kwetu walienda kwenye theluji. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, alipelekwa Finland 1996 kwa pesa za Nike kujifunza ski. Nagano 1998 alimaliza kilomita 10 wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja mstarini akamkumbatia. Hiyo picha ndiyo hurudiwa kila miaka minne. Mimi hukumbuka zaidi kwamba Boit alirudi 2002 na 2006, na mara zote mbili kuna watu aliowaacha nyuma. Kisha kimya hadi 2018, alipotokea Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria.

Mwaka huohuo, kwenye mbio zenyewe za mzunguko mfupi, Marekani ilimpeleka Maame Biney, mzaliwa wa Accra, mwanamke Mweusi wa kwanza kwenye timu yao ya mchezo huo. Ona mfuatano: Accra, Kilifi. Mtoto akihamishwa karibu na barafu, anaweza. Akibaki, tunasema Waafrika hawawezi baridi.

Na Panari? Uwanja wake ni mdogo kuliko ule wa mashindano. Hata hivyo timu ya magongo ya barafu, Ice Lions, ilijifunzia hapo, na 2024 Kenya ikakubaliwa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji hata friji. Erin Jackson wa Florida alikulia kwenye viatu vya magurudumu. Alifika Olimpiki ya 2018 baada ya miezi michache tu kwenye barafu, na Beijing 2022 akashinda dhahabu ya mita 500, zile za uwanja mrefu. Jumapili jioni hapa Machakos, vijana wa magurudumu hushuka lami wakiwa wameinama hivyohivyo, mkono mmoja mgongoni. Mwenye boda anawapigia honi watoke barabarani.