Olkiloriti Sufuriani: Hoja ya Kupima Supu Badala ya Gome

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kemia ya gome la olkiloriti (*Vachellia nilotica*), mgunga ambao Wamaasai wa Kajiado, Kenya, huutia kwenye supu ya nyama. Yanadai kwamba nguvu ya antioksidanti inayotangazwa kutokana na vipimo vya maabara haitoshi kueleza kazi ya mti huu mwilini, kwa kuwa kinachopimwa sicho kinachonywewa.

Mti na chakula chake

Olkiloriti ni mgunga wa nyanda kavu, wenye miiba mirefu na maua ya manjano yaliyojikusanya kama vifundo. Tafiti nyingi bado huutaja kwa jina la *Acacia nilotica*, ingawa kongamano la wanabotania la Vienna, 2005, liliamua jina *Acacia* libaki kwa migunga ya Australia, na lile la Melbourne, 2011, likaafiki.

Katika olpul, kambi ya porini ambako wanaume huchinja na kula nyama kwa siku kadhaa, gome au mizizi ya mti huu huchemshwa na maji yake kuchanganywa na supu. Hapo ndipo sayansi ilipoingia. Mwaka 1964 George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanaume Wamaasai wa Tanganyika. Chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, lakini kolesteroli yao ilikuwa ya chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache. Uchunguzi wa maiti uliochapishwa 1972 ulionyesha kwamba mishipa yao ilikuwa na mafuta yaliyoganda, ila ilikuwa mipana. Mann aliegemea maelezo ya mazoezi ya mwili. Baadaye Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake waligeukia miti inayotiwa kwenye supu na maziwa, wakitafuta saponini na fenoli.

Kemia ya gome

Gome la olkiloriti lina tanini nyingi. Ndiyo maana katika nchi kadhaa gome na maganda ya mti huu yametumika kulainishia ngozi za wanyama. Tanini hizo huandamana na asidi ya galiki, katekini na katekini zilizounganishwa na asidi hiyo. Watafiti wa India wametenga pia kemferoli na umbeliferoni. Molekuli hizi zina vikundi vya haidroksili vilivyopachikwa kwenye pete ya kaboni, hivyo hutoa hidrojeni kwa urahisi na kuituliza radikali huria kabla haijaharibu mafuta au protini.

Lakini matokeo ya India hayawezi kuhamishiwa Kajiado bila kupimwa upya. Nususpishi iliyoenea India ni *indica*, ilhali ya Kenya ni *subalata*. Isitoshe, kiasi cha tanini hubadilika kwa umri wa mti, udongo, msimu, na sehemu inayokatwa.

Kipimo na mipaka yake

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha DPPH, radikali ya rangi ya zambarau inayogeuka manjano inapopewa hidrojeni. Kupungua kwa rangi husomwa kwenye mawimbi ya nanomita 517. Mti wenye tanini nyingi hauna budi kufaulu mtihani huo. Kufaulu kwake kunathibitisha kwamba una fenoli, jambo ambalo watengenezaji wa ngozi walishalijua.

Aidha, gome linalopimwa mara nyingi huwa limelowekwa katika methanoli. Supu ni maji yanayochemka, yenye mafuta, chumvi na protini zinazoshikamana na tanini. Nayo katekini hufyonzwa kidogo tu, na kinachoingia kwenye damu huwa kimeshabadilishwa na ini na bakteria wa utumbo. Kwa sababu za namna hii Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa mwaka 2012 orodha yake ya nguvu za antioksidanti za vyakula. Jaribio la Ufini lililochapishwa 1994 lilitoa onyo kali zaidi: wavuta sigara waliopewa antioksidanti ya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Je, basi supu ya olpul haina maana? La hasha. Tumbo lenyewe ni mahali pa kemia. Chuma cha nyama, kikikutana na mafuta katika asidi ya tumbo, huyaoksidisha na kuzalisha vitu kama malondialdehidi vinavyofyonzwa mwilini. Joseph Kanner na wenzake nchini Israel wameonyesha kwamba polifenoli zikiliwa pamoja na nyama hupunguza uzalishaji huo. Hazihitaji kufika kwenye damu. Zinahitaji kuwa tumboni wakati nyama imo. Olkiloriti ndani ya supu imekaa mahali hapo hasa. Hii ni nadharia-tete, lakini inaweza kupimwa.

Nadharia hiyo ina upande wa pili. Tanini hukamata chuma cha mimea zaidi kuliko kile cha nyama. Mkazi wa mji wa Kitengela anayekula ugali, maharage na sukuma wiki, kisha akanywa unga wa gome kwenye chai, hapati faida ya mla nyama wa olpul, ila anajipunguzia chuma. Kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu, hilo si jambo dogo.

Hitimisho

Utafiti unaofaa utaanza kwa kupika supu kama wazee wanavyoipika, yenye gome na isiyo na gome, kuipitisha katika mmeng'enyo wa kuigiza, na kupima malondialdehidi. Watu wa kujitolea watafuata baadaye. Sampuli ya kila mti ihifadhiwe katika Hebaria ya Afrika Mashariki, Nairobi. Gome litolewe matawini, kwani shina likimenywa mduara mzima, mti hufa. Na kwa kuwa namna ya kupika ni maarifa ya jamii, yanayolindwa na sheria ya Kenya ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi, ridhaa ya wenyewe itangulie. Kabla ya hapo, asilimia ya DPPH isiandikwe kwenye pakiti ya unga kana kwamba ni ushahidi wa tiba.