Prufu za Songea: Kutoka Herufi za Risasi hadi Mtandaoni

Prufu ni nakala ya majaribio inayotolewa kabla kazi haijapigwa chapa, ili kosa lionekane lingali rahisi kuondolewa. Mkoani Ruvuma historia yake inaanzia Peramiho, magharibi ya mji wa Songea, ambako Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia walifungua misheni mwaka 1898.

Mwanzoni maandishi ya Ungoni yalichapwa mbali. Cassian Spiss, mmoja wa wamisionari wa kwanza wa Peramiho, aliandika juu ya lugha za Kingoni na Kisutu, na kazi yake ikatoka Berlin mwaka 1904, yeye akiwa tayari askofu Dar es Salaam. Mwandishi alikuwa Afrika, herufi zilipangwa Ulaya, na kati yao kulikuwa na safari ya meli ya wiki kadhaa. Swali moja juu ya tahajia ya neno la Kingoni, likiulizwa kwa barua, lingengoja jibu kwa miezi. Mwaka uliofuata Vita vya Majimaji vililipuka. Spiss aliuawa mwezi Agosti 1905 akiwa njiani kutoka pwani, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto.

Peramiho ilijengwa upya na kuwa abasia mwaka 1931, chini ya Gallus Steiger. Jarida la kila mwezi la huko, Mwenge, lilianza mwaka 1937. Mlezi, jarida la malezi na mafundisho ya dini, likafuata mwaka 1970. Kitabu huweza kuchelewa bila mtu kugutuka, lakini jarida lina mwezi wake. Lisipotoka Machi, msomaji hujua.

Katika uchapaji wa herufi za risasi, mpangaji aliokota herufi moja moja kutoka kwenye sanduku lenye vyumba, akazipanga mstari kwa mstari, zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Herufi hizo zilikuwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Mistari ilipojaa kwenye sinia ilifungwa, ikapakwa wino, na karatasi ikagandamizwa juu yake. Hiyo ndiyo prufu ya kwanza. Msahihishaji aliisoma akiilinganisha na mswada, mara nyingi mtu wa pili akimsomea mswada kwa sauti. Masahihisho yaliandikwa pambizoni kwa alama maalumu, maana ndani ya mstari hapakuwa na nafasi.

Kiswahili kilikuwa na mitego yake. Herufi n ikipinduliwa chini juu husomeka u, na hapo neno “kuna” linageuka “kuua”, kosa ambalo jicho la mtu asiyejua lugha haliwezi kulikamata, kwa kuwa maneno yote mawili ni halali. Kibainishi cha ng’ kilidondoka kirahisi, “ng’ombe” akabaki “ngombe”. Isitoshe, Kiswahili kinakula herufi a kuliko lugha nyingi za Ulaya, ilhali seti za herufi kutoka viwanda vya Ulaya zilipimwa kwa lugha za huko. Sanduku likiishiwa a, kurasa zilizokwisha kuchapwa zilifumuliwa kwanza ili herufi zirudi. Ndiyo sababu prufu ilitakiwa irudi upesi: ukurasa unaosubiri kibali ulikuwa umezishika herufi ambazo ukurasa mwingine unazihitaji.

Kibali chenyewe kilikuwa na ngazi. Kitabu cha dini kilipita kwa mkaguzi wa Kanisa, aliyethibitisha kwamba hakuna kizuizi, kisha kwa askofu, aliyetoa ruhusa ya kuchapa, na ruhusa hizo zikachapwa ndani ya kitabu pamoja na majina na tarehe. Upande wa lugha, Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikagua miswada ya vitabu vya shule na kukipa kitabu kinachofaa alama ya kukubaliwa. Baada ya Uhuru kazi ya kuthibitisha lugha ya vitabu iliangukia Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Watu wengi huiona ithibati kama urasimu tu, lakini kwa mchapaji ilikuwa kinga: kosa likitokea baadaye, inajulikana nani alisema sawa, na lini.

Uchapaji wa ofseti uliziondoa herufi za risasi na kuleta filamu na bamba. Kosa likishaingia kwenye bamba, bamba zima hutupwa. Programu ya PageMaker ilipotoka mwaka 1985, upangaji wa kurasa ulianza kuhamia kwenye kompyuta, na mwaka 1993 Adobe ikatoa mfumo wa PDF, unaohifadhi ukurasa kama ulivyo popote unapofunguliwa. Songea mabadiliko haya yalikuwa na kikwazo cha umeme. Mji ulitegemea jenereta za dizeli hadi ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Kompyuta ya mezani inayozimika katikati ya kazi haina tofauti na sinia la herufi lililoanguka.

Mfumo wa uhakiki mtandaoni ulizaliwa nje, miaka ya 2000, kupitia programu kama ProofHQ, iliyonunuliwa na Workfront mwaka 2015, nayo Workfront ikanunuliwa na Adobe mwaka 2020. Faili linapakiwa mara moja na kila mhusika anapewa kiungo. Maoni yanabandikwa mahali hasa penye kosa, matoleo mawili yanawekwa ubavu kwa ubavu, na mwenye mamlaka anabonyeza kitufe cha kukubali, jina na saa vikarekodiwa. Pambizo, alama na ruhusa ya askofu vyote vimo humo kwa sura nyingine.

Katika maduka ya uchapaji ya mjini Songea, yanayotengeneza kadi za mchango wa harusi, kalenda, fulana na mabango ya kumbukumbu ya Majimaji kila Februari, prufu huitwa sampo na kwa kawaida hutumwa kwa WhatsApp. Ni rahisi na mteja anaijua. Tabu zake huonekana baadaye: picha inayotumwa kama picha hubanwa na kupungua ubora, maoni hutawanyika kati ya sauti, ujumbe na simu, na mwanakamati wa harusi husahihisha toleo la juzi wakati dizaina yuko kwenye la leo. Programu kamili ya uhakiki mtandaoni hulipiwa kwa dola kila mwezi na vitufe vyake ni vya Kiingereza, gharama isiyobebeka kwa duka la watu wawili. Panapohitajika nidhamu ya programu hizo, njia nyepesi ni PDF moja kwenye hifadhi ya bure ya mtandaoni, jina la faili likiwa na namba ya toleo, na mtu mmoja wa upande wa mteja aliyetajwa tangu siku ya oda kuwa ndiye atakayeandika “chapa”.