Mionzi baada ya kisu: miaka 40 ya deni kwa wanawake 114

Desemba 2026 inatimia miaka 40 tangu Dk. Howard Homesley na wenzake wa Marekani wachapishe utafiti ulioipa mionzi nafasi yake katika tiba ya saratani ya vulva, yaani sehemu ya nje ya uke. Ugonjwa wenyewe ni adimu: kuwapata wanawake 114 kulichukua miaka saba, kuanzia 1977.

Kabla ya hapo kisu ndicho kilichotawala. Taussig wa Marekani na baadaye Way wa Uingereza waliwafundisha wenzao kuondoa vulva na tezi za kinenani, zile zikivimba tunaziita mitoki, kwa pamoja. Wengi walipona wakabaki na vidonda vilivyogoma kufunga na miguu iliyojaa maji. Tezi zikikutwa na saratani, kisu kiliendelea hadi ndani ya nyonga. Homesley alilinganisha upasuaji huo wa pili na mionzi. Baada ya miaka miwili, asilimia 68 ya waliopigwa mionzi walikuwa hai. Waliopasuliwa tena, asilimia 54.

Ushindi ule ukazaa tamaa: kwa nini basi kinena kisiachiwe mionzi moja kwa moja? Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Utafiti wa daktari mwingine, Stehman, uliotangazwa 1992 ulisimamishwa njiani. Kati ya 27 waliopigwa mionzi bila kupasuliwa kinena, 5 walirudiwa na ugonjwa palepale. Kati ya 25 waliopasuliwa, hakuna. Wapasuaji wakaona shauri limekwisha. Wataalamu wa mionzi wakaja juu: dozi ilikadiriwa kwa kina cha sentimita 3 chini ya ngozi, ilhali picha za CT zilizochapishwa 1993 zilionyesha mishipa ya damu ambako tezi hizo hukaa iko kwenye wastani wa sentimita 6. Kwa maoni yangu, kilichofeli pale ni kipimo, wala si mionzi. Ila ugonjwa wa wachache haupati fedha za kurudia jaribio, na hukumu ikabaki hivyo kwa miaka mingi.

Mwaka 2021 utafiti wa kimataifa uliochunguza tezi ya kwanza kupokea saratani ulileta jibu la nusu: chembe zisizozidi milimita 2, mionzi inatosha bila kufyeka tezi zote za kinena, zikizidi hapo, kisu bado kinatangulia.