Likizo ya vituo vingi pwani: Tazama mwezi kabla ya kutafuta hoteli

FAMILIA nyingi za mijini huanza kupanga likizo ya pwani kwa kutafuta hoteli. Picha za mchanga mweupe hutazamwa, bei hulinganishwa, malipo ya awali hutumwa, na ndipo swali la namna ya kutoka kituo kimoja hadi kingine huulizwa.

Matokeo yake yanajulikana. Likizo ya siku 10, iliyowekewa akiba mwaka mzima, hupoteza siku tatu au nne bandarini, stendi na barabarani. Asubuhi ya kwanza ufukweni watoto hukimbilia majini na kukuta bahari imerudi nyuma hadi kwenye miamba, na mbele yao ni mchanga, majani ya bahari na madimbwi.

Si kwamba vivutio ni haba. Kati ya Bagamoyo, Unguja, Pemba na Tanga msafiri hupata miji ya kale, mapishi na fukwe bila kusafiri masafa marefu. Tatizo ni kwamba safari ya vituo vingi huharibikia katikati ya vituo, na huko mwenye kauli ni upepo, mvua na mwezi.

Majira

Wakazi wa pwani huugawa mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, huleta joto, na bahari huwa tulivu kiasi. Kusi hushika Aprili hadi Septemba. Huo ni wakati wa ubaridi wa kupendeza nchi kavu, lakini mawimbi huwa makubwa zaidi, hasa Juni hadi Agosti. Kati ya pepo hizo kuna maleleji, kipindi ambacho upepo hubadilika-badilika kabla ya kutulia upande mmoja.

Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli ambayo ni fupi zaidi huja kati ya Oktoba na Desemba. Bei za vyumba hushuka Aprili na Mei, na baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa. Unafuu huo huvutia, lakini una gharama yake. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na mafuriko yakakata barabara ya kusini katika Wilaya ya Kilwa. Mwenye kituo kimoja tu huweza kukaa akasubiri mvua ipite. Mwenye vituo vinne, kila kimoja kikiwa kimelipiwa, hupoteza vyote vilivyofuata.

Kwa hiyo miezi ya kuchagua ni Januari na Februari kwa anayependa bahari tulivu, au mwishoni mwa Juni hadi Oktoba kwa asiyevumilia joto. Katika makundi hayo mawili yamo pia matamasha makubwa: Sauti za Busara hufanyika Mji Mkongwe Februari, na Mwaka Kogwa huadhimishwa Makunduchi mwezi Julai.

Bamvua na maji mafu

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu bahari huingia katika bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu ambayo hupanda na kushuka kidogo tu.

Katika pwani ya Unguja, siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Hivyo siku za maji mafu bahari hujaa asubuhi, na hata inapokupwa alasiri haiendi mbali.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoamua likizo ya upande wa mashariki wa kisiwa, kuanzia Bwejuu, Paje na Jambiani hadi Makunduchi, ambako ufuko ni mpana na tambarare. Anayetaka kuogelea asubuhi huko achague siku za maji mafu. Anayefika wakati wa bamvua ajue kwamba asubuhi si ya kuogelea, ila ni ya kutazama. Saa hizo ndipo kina mama wa Paje na Jambiani hutoka kwenda kuhudumia mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndipo wavuvi wa pweza hutembea juu ya miamba wakiwa na vijiti vyao.

Ndiyo maana pweza hupatikana kwa wingi siku za bamvua, na pweza wa nazi anayeliwa Jambiani jioni ya siku hizo huwa ametoka majini mchana uleule. Kinyume chake ni dagaa. Wavuvi wanaotumia taa huwavua wakati wa giza na kupumzika siku za mbalamwezi, kwa hiyo anayekwenda mnadani mwezi ukiwa mpevu asishangae kukuta pamepoa.

Asiyetaka kushughulika na hesabu hizo aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako mtu huweza kuogelea karibu saa zote. Huko ni kwenye pilikapilika nyingi zaidi na maisha ya kijiji yamesukumwa nyuma ya hoteli, lakini kwa familia yenye watoto wadogo ni chaguo lisilo na lawama.

Mji kwanza, bahari baadaye

Katika safari ya siku 10 hadi 12, vituo vinne vinatosha, na vifuatane kama duara ili msafiri asipite njia moja mara mbili. Mpangilio unaofaa ni Bagamoyo, Unguja, Pemba na Tanga, kisha kurejea Dar es Salaam kwa barabara. Utamaduni utangulie na bahari ifuate, kwa sababu mwili uliokwisha kuzoea kulala mchangani haukubali tena kuzunguka magofuni juani.

Bagamoyo, kilomita 75 hivi kutoka Dar es Salaam, inatosha kwa usiku mmoja. Magofu ya Kaole yana msikiti wa karne ya 13. Misheni ya Wakatoliki ilianzishwa mwaka 1868, na ndiko mwili wa David Livingstone ulikopokewa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Jioni huenda kwenye soko la samaki, ambako ngisi na pweza hukaangwa palepale, na mananasi ya Kiwangwa, yanayolimwa wilayani humo, hutosha kuwa kitindamlo.

Kutoka Bagamoyo kwenda Unguja msafiri arudi Dar es Salaam kupanda boti ya abiria, safari ya takriban saa mbili kwa boti za kasi. Majahazi ya mizigo yanayoonekana ufukweni yanapendeza kwa picha, na yaishie hapo.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka 2000, upewe siku mbili kamili au tatu. Siku moja haitoshi, kwa sababu mji huu huliwa kwa saa zake. Asubuhi ni vitumbua na mbaazi za nazi kwa mandazi. Mchana ni urojo, ule mchuzi mzito wa njano wenye bhajia, kachori, viazi na chatini, ambao mpishi mmoja na mwingine hawaupiki sawa na ambao Wazanzibari hubishana juu yake kama watu wa mpira. Alasiri ni kahawa chungu na kashata barazani. Usiku ni Forodhani kwa mishikaki, samaki na juisi ya miwa, ingawa anayetaka kula kwa bei ya wenyeji hana budi kuingia vichochoroni.

Katika majengo, Ngome Kongwe na kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, ndiyo ya kutangulizwa. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020, na asiwepo wa kuijenga ratiba yake juu ya jumba hilo kabla ya kuuliza. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala, na mabega na magoti hufunikwa siku zote mtu anapokuwa nje ya ufuko.

Baada ya mji ndipo zije siku tatu za ufuko, mashariki au kaskazini kwa kadiri mwezi ulivyo. Ikiwa ni Julai na tarehe zinaafikiana, Makunduchi ndiyo ya kuchaguliwa. Katika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya yenye asili inayohusishwa na Waajemi, wanaume hupigana kwa magomba ya migomba, kibanda huchomwa moto na nyimbo hufuata. Mgeni hahitaji mwaliko, kwani kwa desturi ya huko kukosa mgeni siku hiyo ndiyo aibu.

Pemba na Tanga

Pemba, umbali wa kilomita 50 hivi kaskazini ya Unguja, hurukwa na wengi, na hilo ni kosa la ratiba kuliko la kisiwa. Hapa hakuna mfululizo wa hoteli wala migahawa kila kona, na chakula kizuri huagizwa mapema kwa mwenyeji. Badala yake kuna msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali chenye matumbawe, na popo wa Pemba, mnyama mkubwa anayekula matunda ambaye hapatikani kwingine duniani na ambaye wanakijiji wa Kidike wamejitolea kumlinda. Wakati wa mavuno, karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya barabara na harufu yake humfuata msafiri kutoka Mkoani hadi Wete. Usiku mbili zinatosha.

Kutoka Pemba kwenda Tanga safari za boti si za kila siku, na hapa ndipo mpango mzima unapofungwa au kufunguka. Siku ya boti hiyo ijulikane kwanza, kisha usiku za Unguja na Pemba zihesabiwe kurudi nyuma kutoka hapo. Wengi hufanya kinyume, na hujikuta wakirudi Unguja kutafuta usafiri wa kwenda Dar es Salaam.

Tanga yenyewe ni mji wa kupumzikia. Mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini yake, magofu ya Tongoni na makaburi yake ya nguzo yako kusini, kwenye njia ya Pangani. Pangani ndiko Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa Desemba 1889. Mto, minazi, boma la zamani na fukwe za Ushongo ng'ambo ya pili huifanya Pangani istahili usiku mbili za mwisho.

Anayeona Kilwa Kisiwani na Mafia hazimo asidhani zimesahauliwa. Magofu ya Kilwa, yaliyo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na papa potwe wa Mafia wanaoonekana kuanzia Oktoba hadi Machi, ni likizo nyingine ya upande wa kusini. Kuziunganisha na Pemba katika siku 10 ni kununua uchovu.

Boti na tahadhari

MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikiwa imejaza kupita kiasi. MV Skagit ilizama Julai 18, 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Zote zilikuwa katika miezi ya kusi. Kwa hiyo tiketi ikatwe mapema katika ofisi ya kampuni na si kwa wapiga debe, boti ya asubuhi ipendelewe, na chombo kinachoonekana kujaza kupita kiasi kiachwe kiende, hata kama chumba ng'ambo kimekwisha kulipiwa. Ratiba isiyo na siku moja tupu ndani yake humlazimisha mtu kupanda chombo ambacho macho yake yamekikataa.

Kitambulisho kiwe mkononi. Ndugu wanaotoka ughaibuni kwa pasipoti za kigeni watahitaji pasipoti hata wakitokea Dar es Salaam, pamoja na bima ya Zanzibar ya wageni ambayo ilianza kudaiwa Oktoba 2024.

Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11, iangaliwe katika kalenda. Mchana migahawa mingi visiwani hufungwa na kula hadharani si adabu. Hata hivyo, kwa mpenda mapishi huo ni mwezi wa neema: magimbi na ndizi za nazi, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga hutoka jikoni kwa pamoja magharibi inapoingia, na mgeni aliyepata mwenyeji hukosa nafasi tumboni tu.

Siku tupu ikibaki haijatumika, itumike Tanga. Basi la asubuhi la kurudi Dar es Salaam, kilomita 350 hivi, hupita Muheza, ambako machungwa huuzwa kando ya barabara.